Siku moja maishani mwangu: tumefungua ngitili, Igunga

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kukamua nazunguka zizini na tochi kuangalia mavi. Yakiwa laini na kutandaa, malisho bado yana nguvu. Yakiwa makavu, yamerundikana, ujue ng'ombe wanajaza tumbo kwa mabua tu. Leo, mwishoni mwa Agosti, mavi ya maksai ni makavu. Baba mkwe naye ameyaona, ananisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Hawa hawatafika Novemba wakiwa na nguvu ya kulima."

"Mwangaluka, baba. Kamati imekubali tuanze leo."

Mimi ni katibu wa kamati ya malisho ya kijiji, na leo ndiyo siku niliyokuwa naisubiri tangu masika: tunafungua ngitili, eneo la malisho tulilolifunga ili nyasi zipumzike.

Saa 1 asubuhi. Tumefika ngitilini. Eneo hili lilifungwa mvua zilipoanza. Kwa desturi ya Wasukuma, ngitili huwekwa akiba kwa ajili ya ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai, ili kiangazi kikikaza wasianguke. Sisi tumeigawa vipande vinne kwa mawe na miti. Mifugo ya kaya zote inaingia kipande kimoja kwa pamoja, kisha inahama.

Kuhama huko ndiko ninakokupigania kila kikao. Nyasi ya kudumu ikiliwa huchipua tena kwa akiba iliyomo mizizini na chini ya shina. Ng'ombe akirudi kwenye chipukizi kabla akiba hiyo haijajazwa, mizizi inafupika, na mwisho shina linakufa. Hapo yanaingia magugu na nyasi za msimu mmoja, halafu udongo mtupu. Kwa hiyo ng'ombe mmoja anayerudi palepale kila siku ya masika anaweza kuharibu kuliko kundi kubwa linalopita na kuondoka. Sasa kiangazi nyasi imelala, kuliwa hakuiumizi sana, ila ni lazima ibaki ya kufunika ardhi. Nusu ni ya ng'ombe, nusu ni ya ardhi. Nyasi zikiliwa hadi kubaki urefu wa shibiri, vijana wanajua: tunatoka, hata kama mwenye ng'ombe ananung'unika. Mvua za kwanza hupiga kwa nguvu, na udongo usiofunikwa huondoka nazo.

Saa 4. Kwenye kipara. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Ni sehemu iliyokuwa njia ya ng'ombe kwenda majini. Udongo wa juu ulikuwa umeganda, mvua ikinyesha maji yanateleza tu na kuchimba korongo. Tulichofanya ni kujenga juu yake boma la miiba na kulaza ng'ombe humo usiku kwa siku chache, kisha kulisogeza hatua kadhaa, na kulisogeza tena. Kwato zinavunja lile gamba, mavi na mkojo vinarutubisha, na mbegu zilizopita tumboni zinadondoka humo. Korongoni tukalaza matawi ya migunga ili yashike udongo. Mahali boma lilipokaa mwaka jana, leo nimekuta mashina ya nyasi yaliyoshika ardhi kwelikweli. Nimeinama nikavuta moja kwa mkono, halikung'oka. Nimefurahi mno.

Wapo wanaofundisha kwamba ukibananisha ng'ombe wengi na kuwahamisha, jangwa lolote litarudi kijani. Watafiti hawakubaliani wote kuhusu hilo, na mimi siuzi ahadi hiyo. Kwato zinasaidia mahali pakavu palipoganda. Kwenye mbuga ya udongo mweusi uliolowa, kwato zilezile zinaugandamiza. Ninachokiamini ni mapumziko ya nyasi.

Saa 7 mchana. Lamboni. Zamu za kunywesha zimekwenda vizuri, tumemaliza mapema.

Chini ya mkwaju mzee mmoja anawasimulia vijana habari za majirani zetu wa Shinyanga: jinsi miti ilivyofyekwa enzi za ukoloni kuondoa mbung'o, mashamba ya pamba yakafuata, mpaka nchi ikawa nyeupe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986. Ngitili zilizokuwapo wakati huo zinakadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Hawakuletewa nyasi kutoka ng'ambo. Walifunga maeneo yao, wakayalinda kwa sheria zao.

Saa 9. Kundi la wageni limeonekana mpakani. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wamewahi. Nimewasalimu, "Mwadila, baba," nikawaonyesha alama, nikawaeleza kwamba njia ya mifugo inapita upande wa pili na maji ya lambo tutawapa. Wameelewa. Naamini kabisa ngitili isiyomwachia mpita njia maji na njia itaishia kwenye ugomvi.

Saa 1 usiku. Hesabu na baba mkwe. Nimemweleza wazi: kwa nyasi nilizoziona leo, vipande vinne vitatufikisha katikati ya Oktoba tukibaki na ng'ombe wote. Amekaa kimya, kisha akauliza mnada ni lini.

"Kesho kutwa, baba."

Amekubali madume matatu yaende yakiwa bado na miili, kabla bei haijashuka nayo hayajakonda. La nne, lile jekundu, amelikatalia. Nitalirudia suala hilo kesho, mama mkwe akiwepo.