"Akawaambia Ndugu Zake Huko Nje"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimelemewa na jambo moja. Katika kundi la maombi la WhatsApp, dada mmoja aliomba tumwombee mume wake. Ombi lenyewe ni la haki kabisa. Ila ujumbe wa sauti ulikuwa mrefu, na kadiri alivyolia ndivyo alivyozidi kufunua: maneno anayoyasema mume usingizini, deni analolikimbia, mpaka mambo ya chumbani ambayo mtu humwambia daktari tu. Kabla ya jioni ujumbe uleule ukanifikia tena kutoka kwa ndugu yangu wa mji mwingine, asiyesali nasi wala kumjua dada huyo, akiniuliza, "Huyu si wa kwenu?" Nilikosa la kumjibu.

Nikafungua Mwanzo 9. Nuhu amelewa, amelala uchi hemani mwake. Hamu akauona uchi wa baba yake, "akawaambia ndugu zake wawili huko nje." Tumezoea kumsema Nuhu kwa ile divai. Leo tumtazame Hamu. Hatusomi kwamba alisema uongo, wala kwamba alitia chumvi. Alichokiona ndicho alichokisema, na aliowaambia walikuwa ndugu zake, si wapita njia. Lakini nguo ya kumfunika mzee ilikuwa inapatikana, na yeye akatoka na habari. Shemu na Yafethi ndio walioitwaa, wakaitanda mabegani, wakaenda kinyumenyume, nyuso zao zimegeuzwa wasione. Kosa la Nuhu lilikuwa kosa. Hata hivyo, waliotoka na baraka siku ile ni wale waliofunika.

Mpendwa, jambo kuwa la kweli hakukupi ruhusa ya kulitangaza. Kila nyumba ina vituko vyake. Kuna mume anayeamka usiku wa manane kukagua komeo la mlango, na mke anayeficha hela kwenye gunia la mchele hata mumewe asijue. Mambo hayo umeyajua kwa sababu mwenzako alikuamini, akakaa mbele yako bila kujilinda. Ukiyatoa nje, hata kwa jina la maombi, hata kwa machozi ya kweli, atakaporudi nyumbani jioni ataanza kujificha, na nyumba ambamo watu wanajifichana ni vigumu hata kusali pamoja.

Na nyinyi akina mama, niwaambie kwa upendo: mtoto wa darasa la tano bado anakojoa kitandani, godoro limeanikwa uani, na picha yake iko kwenye stetasi na vikatuni vya kucheka. Stetasi huondoka baada ya saa 24, lakini aliyekwisha kuipiga picha ya skrini anayo mpaka huyo mtoto aje aoe. Acheni. Hata sheria za nchi sasa zinamstahi mtoto. Kenya, mwaka 2023, shule moja ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi, na Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mama aliyemzaa atamstahi chini ya hapo?

Baba yangu hakujua kusoma, na alikuwa ndiye anayeongoza ibada ya nyumbani. Kila usiku mama alimsomea sura chumbani, taratibu, mpaka aishike kichwani. Asubuhi baba alifungua Biblia mbele yetu na kuisema kama anayesoma. Mama hakumwambia mtu, si dada zake, si sisi watoto. Tulikuja kujua kwa kinywa cha baba mwenyewe, siku aliposimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kumaliza darasa la kisomo. Ushuhuda ulikuwa wake, na ulimngoja mpaka alipokuwa tayari kuutoa.

Nieleweke vizuri. Simfungi mdomo mtu anayepigwa. Kipigo hakisitiriwi, wala mtoto anayeharibiwa hasitiriwi kwa kisingizio cha heshima ya familia. Nenda kwa mchungaji, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, nenda leo. Na mzigo wa kawaida wa ndoa nao usiubebe peke yako: Yakobo 5:16 inatuambia tuungamane dhambi zetu na kuombeana. Mtafute mama mmoja mwenye kifua, mkae, umwage moyo. Kwenye kundi andika tu, "Nina hitaji la nyumbani, niombeeni." Baba aonaye sirini anayajua majina yote, na Yesu mwenyewe alisema tuingie chumba cha ndani na kufunga mlango.

Kwa sisi tuliokwisha kusikia ya watu: kama ujumbe wa namna hiyo uko kwenye simu yako, ufute leo, kabla ya ibada ya jioni. Usiusikilize tena ili "uombe vizuri". Aliyekutumia mwambie huuhitaji. Na Jumapili ukikutana na mwenye ujumbe huo, msalimie kama siku zote, muulize habari za watoto, na ya mumewe usiyaguse mpaka ayataje mwenyewe.