Kabla hujakubali kupiga Windows upya, soma kompyuta yako imeandika nini

Tangu Windows 10 ilipoacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wanaokuja kuprinti kwenye stesheneri yangu hapa Dodoma wananiletea malalamiko yaleyale. Wamepandisha laptopu kwenda Windows 11, na sasa mtu anaiwasha asubuhi, anaenda kuoga, anarudi bado inazunguka. Wengi wameshapewa na dawa tayari: "Lete tuipige Windows upya."

Nawaomba sana msiikimbilie dawa hiyo. Kupiga Windows upya ni kufuta mashine. Nimemshuhudia binti wa mwaka wa mwisho aliyepoteza madodoso yake yote ya utafiti kwa sababu folda ilikuwa kwenye desktopu na aliyemhifadhia data alinakili "Documents" peke yake. Alilia hapa dukani, kwenye kile kiti cha wateja, na mimi sikuwa na cha kumfanyia. Na kompyuta yake baada ya wiki chache ikarudi kuchelewa vilevile, maana aliyeifuta hakuwa amejua inachelewa kwa nini.

Jibu la "kwa nini" kompyuta yenyewe huwa inaliandika. Hilo ndilo nataka kulionyesha, kwa kutumia mashine yangu ya kaunta.

Ni laptopu ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha nane, RAM ya GB 8 na hadi diski (hard disk) ya TB 1, ile ya kuzunguka. Ilipokuwa na Windows 10 haikuwa na kasi, lakini ilivumilika. Baada ya kupanda, wanafunzi wa chuo wanaokuja kabla ya kipindi cha saa mbili walikuwa wanasimama foleni hadi nje huku mimi nimeshika flashi zao mkononi, nangoja.

Siku za mwanzo sikuigusa, na nashauri hivyo hivyo. Mfumo ukishapanda unakuwa na kazi nyingi za chinichini: unatengeneza upya faharasa ya utafutaji, unasasisha programu zake, Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, inakagua mafaili. Iache kompyuta imewaka, imechomekwa kwenye umeme, jioni nzima ukiweza. Vilevile usifute folda ya Windows.old kwa haraka. Humo ndimo ulimo mfumo wako wa zamani, na ndani ya siku 10 unaweza kurudi nyuma ukiona mambo yamekuwa mabaya. Siku hizo zikipita Windows inaisafisha yenyewe.

Yangu ilipoendelea kuchelewa baada ya hapo, nikafungua Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika matukio yake. Bofya kitufe cha Windows, andika jina hilo, kisha uifungue kwa haki za msimamizi. Upande wa kushoto teremka Applications and Services Logs, kisha Microsoft, kisha Windows, kisha Diagnostics-Performance, na mwisho Operational. Njia ni ndefu, najua, na nadhani ndiyo sababu hata mafundi wazuri hawaifiki. Ukifika utakuta orodha ya matukio yenye namba. Tafuta namba 100. Hilo ni tukio la kuwaka kwa kompyuta, na muda wote umeandikwa kwa milisekunde, yaani elfu moja ni sekunde moja.

Fungua sehemu ya Details. Yangu ilisomeka hivi: BootTime 214530, MainPathBootTime 61200, BootPostBootTime 153330.

Hizo namba tatu zina thamani kuliko ushauri wote niliopewa. BootTime ni jumla ya mbili zinazofuata. MainPathBootTime ni muda wa tangu Windows inapoanza kuwaka hadi desktopu inapotokea. BootPostBootTime ni muda wa tangu desktopu itokee hadi mashine itulie kiasi cha kufanyika kazi, na ndani yake kuna sekunde 10 ambazo Windows inahesabu ili kuthibitisha kwamba kweli imetulia, kwa hiyo zipunguze. Ukitazama yangu, desktopu ilikuwa inakuja ndani ya dakika moja na kidogo. Kwa hadi diski ya aina ile siwezi kulalamika. Dakika mbili na ushee zilizobaki zilikuwa zinapotea baada ya hapo, picha ya ukutani ikiwa inaonekana na aikoni zote zimepangika, lakini ukibofya hakuna kinachoitika. Kwa maneno mengine, Windows ilikuwa imeshamaliza kazi yake. Waliokuwa wanachelewesha ni wageni wanaoingia nyuma yake.

Wageni hao nao wameandikwa, kwenye orodha hiyohiyo. Namba 101 ni programu iliyochukua muda kuliko kawaida, 102 ni draiva (programu inayoendesha kifaa), 103 ni huduma ya chinichini. Kila tukio linataja jina la faili, muda wote liliotumia, na ni kiasi gani cha muda huo ni ucheleweshaji. Kwangu 101 iliyojirudia kila asubuhi ilikuwa programu-saidizi ya skana ya printa ambayo nilishaiuza! Printa yenyewe iko kwa mtu mwingine, lakini kile kiprogramu kilikuwa bado kinaamka kila siku kuitafuta, kinaikosa, kinaitafuta tena. Ya pili ilikuwa antivairasi ya majaribio iliyokuja na laptopu, muda wake umekwisha zamani, nayo inakagua kila faili linalofunguliwa wakati Defender inakagua faili hilohilo. Pia kulikuwa na diski ya mtandao, herufi Z, iliyoelekezwa kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma ambayo haipo tena, na kila asubuhi Windows inaigongea mlango.

Hapa utaniuliza: mbona kwenye Windows 10 havikuwa vinasumbua hivyo? Vilikuwepo, na vilikuwa vinakula muda wao. Kupandisha mfumo ni kama kuhama nyumba ukabeba hadi viti vilivyovunjika: programu zote, draiva zote na kila kitu kilichojiandikisha kuwaka asubuhi vinahamia pamoja na wewe. Juu yake unaongeza kazi mpya za mfumo mpya, na hadi diski ni ileile.

Programu-saidizi na antivairasi iliyokufa niliziondoa kabisa kupitia Settings, kwenye Apps. Kuzima tu hakutoshi kwa antivairasi, kwa sababu draiva zake zinabaki. Herufi Z niliitafuta kwenye This PC, nikabofya kulia, nikachagua Disconnect. Halafu nikafungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc pamoja, nikaenda Startup apps. Pale kila programu ina daraja la uzito. Ukiona High, maana yake wakati wa kuwaka imetumia zaidi ya sekunde 1 ya prosesa au imesoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski. Programu za mikutano ya video, za kusikiliza muziki, za kusasisha vitu vingine, zote nilizizima pale. Zinafanya kazi kama kawaida nikizihitaji, ila haziwaki mpaka nizifungue mwenyewe. Nilichokiacha ni programu ya printa ninayoitumia sasa na ya kuhifadhi nakala za mafaili.

Ukipima, pima kwa namna moja. Windows ina kitu kinaitwa Fast startup: ukibonyeza Shut down haizimi kila kitu, bali inahifadhi kiini cha mfumo kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho ikichukue kilekile. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Ukilinganisha kuwaka baada ya Shut down jana na kuwaka baada ya Restart leo, unalinganisha vitu viwili tofauti. Mimi napima kwa Restart siku zote, kisha narudi kwenye namba 100.

BootTime iliyofuata ilisoma 118000 na kidogo. Karibu nusu ya muda imeondoka na sijatoa hata shilingi.

Nusu iliyobaki ilikuwa ya diski, na hapo hakuna mpangilio wa kubofya utakaosaidia. Hadi diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kila Windows inapotaka kipande cha faili, kichwa cha kusomea kinasogea, kisha kinangoja sahani izunguke hadi kipande kipite chini yake. Ukiacha kusogea kwa kichwa, kungoja mzunguko peke yake kwa wastani ni kama milisekunde 5 na nusu. Wakati wa kuwaka mfumo unaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na ndiyo maana Task Manager inaonyesha diski asilimia 100 huku prosesa iko asilimia 10. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina kitu kinachozunguka, haina cha kungoja.

Kabla ya kununua nilikagua afya ya hadi diski kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Tafadhali ifanye hatua hii hata kama huna mpango wa kubadili chochote. Ukiona onyo la njano, au sekta (vipande vya diski) zinazosubiri kuhamishwa zinaongezeka, acha habari za kasi na nakili data zako kwanza, siku hiyohiyo. Diski inayokufa nayo inachelewa kuwaka, na huwezi kuitofautisha na diski yenye afya kwa kuitazama kwa macho.

Yangu ilikuwa nzima. Nikachukua SSD ya inchi 2.5 na waya wa kuichomeka kwa USB, nikanakili diski yote kwa Clonezilla, ambayo nayo ni ya bure. Windows, programu, mafaili ya wateja, vyote vilihama kama vilivyo. Kabla hujafungua skrubu hata moja, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, na kama imefungwa, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Kuna watu wamefungiwa nje ya data zao kwa kukosa karatasi hiyo. Baada ya kuweka SSD mahali pa hadi diski, BootTime kwenye namba 100 ilisoma 36000, ukiwa na zile sekunde 10 ndani yake.

Kwenye ukurasa uleule wa Startup apps, juu kulia, kuna maandishi madogo: Last BIOS time. BIOS ni programu ndogo ya ndani ya mashine inayoamka kwanza, na hizo ni sekunde zinazotumika kabla Windows haijaanza kabisa. Yangu ilikuwa kubwa siku fulani na ndogo siku nyingine, hadi nilipogundua ni flashi za wateja zilizosahaulika kwenye tundu la USB: mashine ilikuwa inazijaribu kwanza kabla ya diski. Niliingia BIOS nikaiweka SSD juu ya orodha, na kujaribu kuwaka kupitia mtandao nikakuzima.

Kompyuta ya pili, ya mezani, ile ninayomwachia mdogo wangu kwa kazi za kuchapa, ilikuwa na SSD tangu zamani na bado ilichelewa. Namba zake zilikuwa kinyume kabisa: MainPathBootTime kubwa, BootPostBootTime ndogo. Kwa hiyo sikugusa Startup apps. Nilitafuta namba 102, na ikanipa jina la draiva ya kifaa cha wayalesi cha USB tulichokiacha baada ya kuvuta waya wa intaneti. Kwenye Device Manager ilibidi niombe ionyeshe vifaa vilivyofichika, maana kifaa chenyewe hakijachomekwa. Kilikuwa pale, kimefifia. Nikakiondoa pamoja na draiva yake, nikawasha upya, na sasa mdogo wangu ndiye anayefungua kazi asubuhi wakati mimi bado nafungua madirisha.