Friji iliyogoma Julai

Asubuhi moja ya Julai nilikuta maji mekundu yanachuruzika kutoka kwenye friza hadi sakafuni. Nyama kilo nne, pamoja na samaki wa Ziwa Nyasa alionitumia dada, vyote vimelegea. Friji kimya. Julai hapa Njombe baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na friji ilikuwa stoo, chumba kisicho na dari. Barafu inayeyukaje mahali kama pale?

Fundi wa kwanza akategesha sikio kwa nyuma. "Mama, kompresa imekufa." Ndiyo mota inayosukuma gesi ya kupoza. Kuibadilisha laki mbili na nusu, pamoja na gesi. Friji mpya ya ukubwa ule dukani ilikuwa laki sita na nusu. Nilikesha napiga hesabu: nikitengeneza, halafu ife tena mwakani, nimepoteza zote. Moyo ukaegemea kununua mpya.

Ila mchana, jua lilipopiga bati, niliisikia ikinguruma. Kompresa iliyokufa inangurumaje?

Nikamfuata mzee mmoja anayetengeneza friji tangu mimi nikiwa shule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Inagoma saa ngapi?"

Yule wa kwanza hakuniuliza hilo. Nikamwambia ni usiku na alfajiri. Mzee hakugusa hata bisibisi. Aliomba kikombe cha maji ya moto, akakiweka ndani ya friji, chumba cha chini ya friza, akafunga mlango. Baada ya dakika chache kompresa ikawaka. Nilitamani kumkumbatia.

Friji kama yangu, alinieleza, ina thamostati moja tu, kifaa kinachopima ubaridi, nayo iko chumba cha chini. Stoo ikipoa sana, chumba hicho kinabaki na ubaridi wake chenyewe, thamostati haiwashi kompresa, na friza ya juu inayeyuka. Akanionyesha kibandiko cha ndani chenye herufi T: friji ya kukaa kwenye chumba cha nyuzi 16 hadi 43. Inafaa Dar es Salaam. Zenye herufi SN huanzia nyuzi 10. Kesho yake alfajiri nikapima stoo: nyuzi 8.

Tukaihamishia jikoni, mbali kidogo na jiko la mkaa ili isipate joto la kupita kiasi. Mzee alichukua elfu kumi, akakataa nyongeza. Fedha niliyotenga ikanunua mbolea ya viazi.

Agosti dada alituma samaki wengine. Alfajiri niliwagusa, wagumu kama mawe.