"Sijui" ya Emilia

Jana nimelala saa nane usiku, kisa Othello, ile tamthilia ya Shakespeare. Niliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani tu, nikakariri Iago mbaya, Desdemona mwema, Othello ana wivu, nikapata maksi zangu nikasahau. Safari hii nimesoma bila kusimamiwa na mwalimu na mwenzenu nimechoka kabisa.

Kwanza huyo Iago, askari wa jemadari Othello, anayetaka bosi wake aamini kwamba mkewe Desdemona anatembea na Cassio, msaidizi wake. Nilidhani ni mwongo wa kutunga mastori makubwa makubwa, kumbe mwanzoni wala hasemi mengi, anaacha tu maneno yananing'inia. Cassio anaagana na Desdemona anaondoka zake, Iago anaguna, eti hilo silipendi. Othello anauliza umesemaje, anajibu aa, hamna kitu bosi. Sasa nani atalala na "hamna kitu" ya namna hiyo? Halafu anamkumbusha jamaa kwamba mkeo alimdanganya hata baba yake ili aolewe na wewe, na hilo kweli kabisa, mzee mwenyewe alishalisema kule Venice mbele ya wakubwa. Uongo mzito anauleta baadaye, jamaa akishakuwa hajiwezi (ile ndoto ya Cassio, jamani!). Na muda wote ni Iago mkweli, Iago mwaminifu, yaani hata Cassio aliyeleweshwa na Iago mpaka akapoteza cheo bado anamshukuru kwa ushauri.

Ila si yeye aliyeninyima usingizi, ni Emilia, mke wake, ambaye ndiye mhudumu wa Desdemona. Leso inadondoka (ya kufutia uso nasema, siyo kanga, wa Mombasa mnielewe), ile yenye nakshi za stroberi, zawadi ya kwanza Othello kumpa mkewe. Emilia anaiokota anampa mumewe kwa sababu mume kamsumbua mara mia amletee. Sawa, labda hakujua ya nini (Iago anaitupa chumbani kwa Cassio iwe ushahidi). Lakini onyesho linalofuata Desdemona anamuuliza, hivi leso yangu nimeipoteza wapi? Anajibu sijui. Sijui! Punde Othello anaingia anaidai, anafoka, leso, leso, na Emilia kasimama palepale anasikia kila kitu, kimya. Na sio kwamba anamchukia bibi yake, maana mwishoni ndiye anayepasua ukweli mbele za watu, mumewe anamchoma, anaomba alazwe pembeni ya Desdemona. Ambaye Othello keshamuua.

Mimi nimekwama kwenye hiyo "sijui". Miaka kama sita nyuma kuna shoga yangu alikuwa anasemwa kwa bosi, maneno yanapelekwa nusu nusu hivyo hivyo, na nilikuwa namjua anayepeleka maana tulikuwa tunakula naye mchana kila siku. Jioni moja kwenye daladala shoga akaniuliza, hivi nani ananichongea pale? Nikamwambia sijui. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha nikamwambia konda nashuka kituo kinachofuata, ambacho wala si changu.

Mkataba wake haukuongezwa. Mpaka leo kila Idi ananitumia salamu, na mwaka huu kaandika "kwa rafiki yangu mkweli". Nilimjibu kwa vimaua vitatu.