Nilivyoacha kuulizauliza kesho itakuwaje

Mi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, na kwa wasioijua kusini niseme tu kwamba cherehani yangu inakula korosho japo sina hata mkorosho mmoja. Mkulima wa Tandahimba au Newala akilipwa ndo mkewe anakuja na vitenge, ndo sare za Januari zinashonwa, ndo sherehe za unyago zinafanyika mpaka nakesha. Asipolipwa tunakaa barazani tunasukana nywele.

Mwaka ninaouongelea nilikuwa nimechukua mkopo nikaongeza cherehani ya pili na ovaloki, mkopo wenyewe hii ya mtaani tunayoiita kausha damu, marejesho kila wiki, na mume wangu mkataba wake wa kazi unaisha mwisho wa mwaka na hakuna mtu anayesema kama utaongezwa au la. Ikaanza taratibu. Naamka saa tisa usiku moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linakoroga, vidole vinapata ganzi na mdomo unawasha, nikawa najua kabisa hii ni presha, kwetu mama mkubwa aliondoka na presha kwa hiyo nikajua zamu yangu imefika.

Nikaenda kupima. Presha sawa, sukari sawa, malaria hakuna. Jirani yangu mmoja bibi mtu mzima akasema nimetupiwa kitu, akaniletea kombe, yale maji yaliyooshewa aya, nikanywa, sikuona ubaya wake, ila saa tisa ikabaki ile ile.

Niliporudi mara nyingine nikamkuta tabibu kijana tu, akaacha kuandika akaniuliza, "Dada, saa hizo unapoamka unawaza nini?" Nikamwambia nawaza bei. "Bei ya nini?" Ya korosho. "Kwani una shamba?" Sina. Akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikalia palepale, aibu tupu.

Ndo akanielewesha, na naandika kama nilivyoelewa mimi. Mwili una kengele yake ya hatari. Ikilia, unamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unakimbia, pumzi zinakuwa za haraka, damu inaenda kwenye misuli ili ukimbie au upigane, na tumbo linasimamisha shughuli zake maana sio saa ya kusaga ugali. Sasa kengele haijui tofauti ya nyoka aliyeko chumbani na bei ya korosho ya mwezi wa kumi, inalia vilevile. Na lile ganzi la vidole lililokuwa linanitisha kuliko vyote kumbe ni kupumua haraka haraka, unatoa hewa ya ukaa kupita kiasi mpaka vidole na midomo inawasha na kichwa kinakuwa chepesi. Akanionyesha kuvuta pumzi kwa pua polepole halafu kuitoa taratibu kwa muda mrefu kuliko niliyovuta, na akaniambia hilo wimbi la hofu likija usilipige vita, likae tu, lenyewe hupanda halafu hushuka. Hiyo peke yake ilinisaidia karibu nusu, kwa sababu nilikuwa na hofu mbili, ya kesho na ya ule moyo unaodunda.

Nusu iliyobaki ndo ngumu, na hapa ndo ninapotaka mnisikilize.

Nilikuja kugundua kwamba siku nzima kazi yangu ni kuuliza. Naamka nashika simu, kwenye magrupu ya WhatsApp kuna mtu kaandika mwaka huu bei itakuwa nzuri, natulia kama nusu saa, anakuja mwingine anasema wanunuzi wamegoma, basi mkono unatetemeka nashindwa hata kutunga uzi. Nampigia mdogo wangu Masasi, "vipi huko wanasemaje?" Nampigia dereva wa fuso. Namuuliza mume wangu kila jioni bosi kasema nini, mpaka akaanza kuchelewa kurudi maskini. Na kila jibu zuri linaisha nguvu upesi kuliko la jana, nahitaji lingine. Nikawa sitafuti habari tena, natafuta mtu wa kuniambia itakuwa sawa, na mtu huyo hayupo, si Mtwara si wapi.

Na sisi watu wa kusini tuna sababu ya kuwa hivi jamani tusilaumiane. Gesi ilitufundisha kusubiri. Ile miaka ya 2012 na 2013 mji ulichemka, viwanja vikapanda bei, watu wakajenga gesti kwa sababu wageni wanakuja, halafu bomba la gesi likaelekea Dar, watu wakapinga, zikatokea zile vurugu za 2013 ambazo kila aliyekuwepo anazikumbuka. Lindi wenzetu mradi wa LNG, ile gesi ya kugeuzwa kimiminika, pale Likong'o wanausikia miaka na miaka. Korosho nayo, msimu wa 2017 kilo ilikaribia elfu nne, mwaka uliofuata wanunuzi wakaja na bei ya chini, wakulima wakakataa, mpaka Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua yote kwa 3,300 na wanajeshi ndo wakasomba. Nani aliota hilo? Hata yule aliyekesha kwenye magrupu akiuliza hakulijua.

Kangomba mnaijua. Mtu anauza korosho kwa bakuli kabla hata ya mnada kwa bei ya kutupa. Wengi ni njaa kweli, mtoto anaumwa, sina la kusema juu yao. Lakini wapo, na nawajua, ambao hawakuwa na njaa, walishindwa tu kuvumilia kutokujua, wakaona bora kidogo kinachojulikana. Nikajiona humo humo, tofauti mi nilikuwa nalipa kwa usingizi.

Mwezi wa sita nikaenda Tandahimba kumsalimia mjomba. Nikamkuta amejifunga kitambaa puani, kofia, yuko na kijana wa bomba wanapulizia salfa, ule unga wa njano unaoua ubwiriunga, ukungu unaoharibu maua ya mkorosho, mikono yote imekuwa ya njano mpaka kwenye kucha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama, kaa mbali na upepo, hii inawasha macho."

Nikamuuliza, si ndo ugonjwa wangu, mjomba mwaka huu bei itakuwaje? Akanitazama akasema, "Bei ni ya mnadani, mwezi wa kumi huko. Ua la mkorosho ni la leo. Nisipopulizia sasa, hiyo bei unayoiuliza nitauza nini?" Akarudi kwenye mikorosho yake, hata chai hakunikaribisha mpaka alipomaliza mstari.

Nikarudi mjini nikanunua daftari la mia tano. Kila wasiwasi unaokuja nauandika kama swali, halafu pembeni naandika vitu viwili tu, litajulikana lini, na leo nafanya nini juu yake. Bei ya korosho: Oktoba, mnada wa kwanza. Leo: kushona sare za watoto mapema niziweke tayari, sare haingoji korosho. Mkataba wa mume: Desemba. Leo: apeleke maombi sehemu nyingine, na tusinunue ile friji. Mkopo: huu nilikuta una jibu kabisa, nilikuwa naukimbia tu, nikaenda kwenye kikoba chetu nikaongea na katibu, nikakopa kwa riba ya kibinadamu nikawafunga midomo kausha damu. Yale yasiyo na tarehe wala cha kufanya, mfano je nikifa watoto watalelewa na nani kwa upendo, yana ukurasa wa nyuma. Nayasoma saa kumi na moja jioni kabla ya Magharibi, dakika chache, nafunga. Yakija usiku nayaambia saa yenu bado. Mwanzoni nilijiona chizi naongea na daftari aisee.

Mnakumbuka kimbunga Kenneth, Aprili 2019? Tuliogopa hasa, lakini hofu ile ilikuwa na kazi, shule zikafungwa, watu wa pwani wakahama, kisha kikaelekea Msumbiji kikawaumiza wenzetu kule Cabo Delgado. Hofu ya namna ile sina ugomvi nayo, inakwambia beba watoto ondoka. Daftari linanisaidia kujua ipi ni ya kuondoka na ipi inapiga kelele tu.

Na magrupu nikayazima sauti. Kuulizauliza ndo ilikuwa ngumu kuacha kuliko kahawa (nayo nilipunguza ile ya jioni). Nilikubaliana na mume wangu nikiuliza mara ya pili kitu kile kile ananijibu "liko daftarini", na siku za kwanza nilikasirika nikamnunia, wasiwasi ukapanda kwanza kabla ya kushuka. Hiyo mjue mapema, unapoacha kuuliza inawaka zaidi siku kadhaa.

Sio kwamba wasiwasi umeisha. Inakuwaga msimu ukikaribia saa tisa inarudi, natoa pumzi ndefu, nalala au silali, asubuhi nafungua kibanda. Na kama wewe hali yako ni kutokula kabisa, kutolala wiki na wiki, au umeanza kuwaza kujidhuru, daftari sio lako hilo, nenda hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, sema wazi kwamba ni mawazo sio malaria.

Juzi binti ninayemfundisha kushona ameniuliza, dada nikimaliza utanibakiza hapa au nianze kutafuta kwingine? Zamani ningemwambia usijali mdogo wangu. Nimemwambia sijui, baada ya mnada wa pili wa korosho tutajua, kwa sasa jifunze kukata kola vizuri maana kola zako bado zinapinda. Akacheka, akachukua mkasi.