Seva imelala, na mume wa mtu pia: nilivyopata wenzangu nikiwa Tabora

Naongoza vijana sita wanaotengeneza mfumo wa mizani na malipo ya tumbaku kwa vyama vya msingi hapa Tabora. Juu yangu yupo mkurugenzi ambaye kwake kompyuta ni kompyuta tu. Chini yangu wapo vijana nisioweza kuwaambia kwamba na mimi nimekwama. Hapo katikati nimekaa miaka mitatu peke yangu.

Kila niliyemlalamikia alinijibu, "Dada, hamia Dar." Sikuhama, ila nilikwenda kwenye mkutano wa siku mbili. Nauli, gesti na chakula, laki nne hivi zikaondoka. Nilirudi na kadi za watu thelathini na kitu mfukoni mwa suruali, na suruali ikafuliwa nazo. Sikuumia sana, wengi walikuwa wauzaji. Nikajaribu grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili na ushee. Niliuliza: nifanyeje na fundi wangu bora aliyeacha kuongea vikaoni? Alijibu mmoja, akiniuzia laptopu iliyotumika.

Sasa msimu wa soko ukafika, malipo yakakwama kwa kampuni tunayopitishia fedha. Saa saba usiku nikaandika barua pepe, nikijua nitajibiwa asubuhi na mashine. Akajibu mtu: "Nimeona. Kosa ni letu. Nipe dakika ishirini." Nikajisemea, anayejibu saa hizi na bado anakiri kosa, huyo kabeba mzigo kama wangu. Malipo yalipokwama tena wiki iliyofuata, nilichukua namba yake chini ya ile barua nikamtumia neno moja: "Umelala?"

Jibu likaja: "Amelala. Wewe ni nani yake?"

Jamani. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mwisho nikatuma: "Samahani sana dada. Mimi ni mhandisi wa Tabora. Seva yao imelala, wakulima hawajalipwa." Kimya. Mara simu ikaita, sauti ya kike: "Ngoja nimwamshe. Lakini na wewe, ndiyo salamu gani hiyo?"

Huyo bwana ndiye mwenzangu wa kwanza. Kupitia kwake nikampata wa Mwanza, na wa Mwanza akanipa dada wa Kigoma anayeongoza timu ya mfumo wa hospitali. Nimeacha kutafuta wenye vyeo, natafuta wanaoamshwa usiku. (Salamu, tafadhali, anzeni na shikamoo au habari.)

Tuko watano. Kila baada ya wiki mbili, Alhamisi, tunaongea kwa simu saa nzima, na kila mmoja analeta jambo linalomwaibisha. Ya kijiweni yanabaki kijiweni: ujifunze, lakini usiseme nani kasema. Nilidhani tumebuni sisi, kumbe Chatham House, taasisi ya London ya mambo ya kimataifa, wana kanuni ya namna hiyo tangu 1927.

Nikawapelekea habari ya yule kijana aliyenyamaza. Wa Kigoma hakunishauri chochote, aliuliza tu, "Kazi yake anaisahihisha nani?" Mimi. Nikarudi kusoma maoni niliyomwandikia mbele ya wenzake wote. Moja lilisema, "Hii nayo ni nini?" Nilitamani kulifuta. Siku hizi tunakaa kwanza kwenye benchi la kahawa chini ya mwembe, nayasema pale kabla sijaandika neno. Ameshaanza kuongea, na mara mbili amenikosoa mimi.

Yule dada wa Kigoma nakutana naye stesheni. Tabora ndipo njia ya Kigoma na ya Mwanza zinapokutana, kwa hiyo akisafiri kwenda Dar nampelekea asali dirishani, naye ananipa dagaa. Safari iliyopita alikuwa anataka kumwondoa kijana mmoja kazini na hajui aanzie wapi. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefika kwenye barua ya onyo, honi ikalia. Nikabaki na dagaa mkononi namkimbilia dirishani, napiga kelele, "Kwanza muulize yeye!" Sijui kama alisikia. Alhamisi atasema.