Usiku Kampala kazi yangu ni kuamsha watu

Watu wa nyumbani Tanga nikiwaambia niko Kampala wanasema aah hapo si jirani tu, hiyo sio ughaibuni. Jirani ndiyo, lakini kibali cha kazi nimeombea, vyeti vimepita Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda upya utadhani sijawahi kushika sindano, na nikiumwa hakuna shangazi wa kuniletea uji. Kwangu ni ughaibuni, tusibishane.

Mimi ni supavaiza wa manesi, zamu za jioni, usiku na wikendi, hospitali ya binafsi. Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni yule mama wa kuzunguka na tochi kukamata waliosinzia. Jamani. Ikifika saa kumi na moja jioni mkurugenzi anaondoka, metroni, mkuu wa manesi wote, anaondoka, mtu wa manunuzi anaondoka na funguo zake, wa bima ndo usimtafute kabisa, halafu hospitali nzima inabaki na madaktari wa zamu wachache, manesi, maabara, askari wa geti na mimi. Kitanda kimekosekana, sista. Jenereta inakohoa, sista. Ndugu wa marehemu wanagombana nani asaini mwili utoke mochwari, sista njoo. Asubuhi saa mbili wakubwa wanarudi, naandika ripoti, na mimi narudi kuwa nesi tu kama wengine, hata kalamu naomba stoo kwa fomu.

Kazi yenyewe inaanza kabla sijatoka nyumbani, naangalia mawingu. Mvua ikishuka jioni Kampala, mtaa wa Bwaise unajaa maji, njia zinaziba, boda zinajificha chini ya vibaraza, na manesi wangu wanaoingia usiku wamekwama humo humo, sasa wa mchana wamechoka wanataka kwenda kwa watoto wao na huwezi kumwachia mtu wodi ya wagonjwa hoi eti subiri mvua iishe. Hapo napiga simu moja baada ya nyingine, nabembeleza, nahamisha mmoja wa wodi ya kinamama kwenda watoto, nakopa mtu kwa inchaji, yaani msimamizi, wa ICU, wodi ya mahututi, na ahadi ya kumrudisha saa nne. Kuhamisha nesi nako kuna akili yake. Usimtoe aliyezoea wagonjwa wa upasuaji ukamtupa kwa vichanga usiku peke yake, dozi za mtoto zinahesabiwa kwa kilo na mkono usiozoea unatetemeka.

Lakini kikubwa ni kuamua nani aamshwe na saa ngapi. Daktari bingwa yuko kwake amelala, kesho asubuhi ana thieta, na nesi kijana anamwogopa kuliko anavyoogopa mgonjwa kufa, nasema ukweli. Anasubiri. Anampima tena, anasema labda atatulia. Ndo maana wote nimewaambia mniite mimi, hata kama una wasiwasi tu huna cha kuonyesha, nikija nikakuta salama tutaongea umbea kidogo nitaondoka.

Chukua mama aliyejifungua. Damu ikizidi nusu lita baada ya uzazi wa kawaida hiyo tayari ni hatari, na mwili wa mama kijana unadanganya, presha inaweza kubaki nzuri muda mrefu wakati mapigo ya moyo yanapanda kimya kimya. Nesi anayeangalia presha peke yake atasema mgonjwa yuko sawa. Mimi nauliza mapigo kwanza, halafu nataka kuona pedi kwa macho yangu. Na ukimpigia bingwa usiseme dokta mgonjwa hali mbaya njoo, atakuuliza maswali kumi huku damu inatoka. Sema: mama kajifungua saa moja iliyopita, mapigo 128, presha 90 kwa 50, kizazi hakijakaza, oksitosini ya kukaza kizazi keshapata, dripu mbili zinakwenda, sampuli ya damu imeshaondoka, nataka uje sasa hivi. Ukimaliza hivyo hata kama alikuwa kwenye ndoto ya harusi anaamka akivaa viatu.

Damu yenyewe ikipungua kwetu inafuatwa benki ya damu Nakasero, unamtuma dereva na sampuli na boksi la barafu. Kitu kimoja cha kumshukuru Mungu kuhusu usiku ni kwamba foleni haipo, njia ambayo mchana ingekula saa nzima dereva anaruka tu.

Kuna jambo moja hapa Uganda wametupita na lazima niseme. Toka 2004 sheria inaruhusu nesi aliyesomea tiba shufaa, ile ya kutuliza mateso ya wagonjwa wasiopona, kuandika mofini, dawa kali ya maumivu, mwenyewe. Ukiwa na mgonjwa wa kansa anapiga kelele saa nane usiku ndo utajua maana ya hiyo sheria, kama yuko nesi mwenye mafunzo hayo zamuni basi simwamshi mtu. Funguo za kabati la dawa hizo lakini hazitoki kiholela, wawili tunafungua, wawili tunahesabu, wawili tunasaini, na hesabu isipolingana asubuhi hakuna anayekwenda nyumbani.

Januari 2025 ilipotangazwa Ebola imerudi, wa kwanza kujulikana alikuwa nesi mwenzetu wa Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya taifa, ameshafariki, na kabla ya hapo alikuwa amepita zaidi ya kituo kimoja kutafuta tiba. Ilituuma sana. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha Aprili lakini mimi geti silichukulii poa tena, askari wa usiku na kipimajoto chake namtembelea kabla ya madaktari wote, maana yeye ndo anamuona kila mtu kwanza.

Kiswahili nacho. Hapa wengi walikizoea midomoni mwa wanajeshi na polisi, mzee mmoja nilipomwamkia shikamoo alikaa wima kitandani kama anakamatwa. Serikali mwaka 2022 ilipitisha kifundishwe mashuleni, sawa, ila usiku mimi kinanifaa kwa Mkongo aliyekimbia vita na mama wa Arua, kule kaskazini-magharibi, hao wakiingia hawana Luganda wala Kiingereza, zamu nzima inanitafuta mimi. Luganda yangu ya kuamkia na kuuliza unaumwa wapi inatosha, ikizidi hapo namvuta nesi mmoja wa Masaka.

Kuhusu kusinzia, najua kuna watakaonipinga. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri mwili wa mtu unazimika, upende usipende, kahawa inasaidia kidogo tu. Mimi naruhusu walale dakika ishirini kwa zamu, mmoja mmoja, na aliyebaki anajua wagonjwa wa mwenzake kwa majina. Metroni hapendi. Ila nesi aliyelala kidogo namwamini na sindano ya insulini kuliko shujaa aliyekesha macho mekundu.

Wanaoniuliza inboksi kama waje, njooni, ila mtafute usajili kwanza kabla ya nauli, na posho ya usiku msiijengee nyumba. Na muwaambie mama zenu mapema, wangu mpaka leo anapiga saa nne asubuhi, mwanangu bado umelala tu?

Sasa hivi niko mezani na ratiba ya wikendi. Nesi wangu wa ICU ana kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ya dada yake Jumamosi, ruhusa nimempa, na wa kumziba bado sijampata, wawili wameshazima simu.